Mpira Wako wa Kutambaa Umefika Uskoti

Mama Kibet wangu,

Nimecheza gofu tena. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira na barua za salamu nyingi. Ungeruka mistari mpaka ufike penye habari.

Tangu tukuzike kule Salgaa sikuwa nimeshika fimbo. Jumamosi zilikuja, zikapita. Nikiwa kwa boda boda na tukipita ule uwanja wetu chini ya mlima Menengai, nilikuwa nageuza uso upande wa pili kama mtu anayemkwepa jirani. Ningecheza na nani? Gofu ni wewe uliniingiza. Mimi mwalimu mstaafu, magoti yanalia, wewe umefunga hoteli yako ya madereva wa malori na hutaki kukaa nyumbani. Ulikuwa umepeleka chapati kwa sherehe fulani pale klabuni, ukarudi ukaniuliza, "Mwalimu, wale wazee wanatafuta nini kwenye nyasi?" Wiki iliyofuata tulikuwa nao, tunatafuta.

Sasa sikia. Njeri wangu amejifungua mvulana huko Uskoti, kule anakofanya kazi ya uuguzi, nikaenda kumshikia mtoto. Jirani yake ni mama mjane, jina lake Moira, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Njeri, kwa mdomo wake huo unaoujua, akamwambia mimi nacheza. Asubuhi moja Moira akagonga mlango.

"Nasikia unacheza gofu."

"Nilikuwa nacheza," nikamjibu. "Rafiki yangu alikufa."

Nilidhani atasema pole na kuondoka. Akaniangalia kidogo, akasema, "Wangu pia. Vaa viatu."

Mama Kibet, sijui nikueleze vipi ule uwanja. Hakuna mti. Hata mmoja! Mimi nimezoea kujificha nyuma ya misaiprasi yetu nikikosea, kumbe kule unakosea mbele ya dunia yote. Ardhi ina vilima vidogo vidogo vya mchanga vilivyoota nyasi, kama mtu ametandika blanketi juu ya watoto waliolala. Kando yake ni bahari, rangi ya sufuria kuukuu, inanguruma. Na upepo! Ule wetu wa Januari unabeba vumbi na mabati, lakini una mahali unakokwenda. Wa kule hauendi popote. Unakuegemea tu, kama ng'ombe anayetaka chumvi. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na koti la Njeri, na bado nilihisi niko uchi.

Mpira wangu wa kwanza niliupiga vizuri, juu kabisa, vile mkufunzi wa klabu yetu alitufundisha. Ukapanda, ukasimama hewani, kisha ukaanza kurudi kama umesahau kitu nyumbani. Moira alicheka mpaka akashikilia begi lake la fimbo. Wa pili ukaenda baharini. Wa tatu ukaingia kwenye vichaka vya maua ya manjano vyenye miiba, nikaenda kuutafuta, nikatoka na mikwaruzo na mpira wa mtu mwingine. Kilemba changu kilipeperuka, tukakikimbiza sote wawili, wamama wazima, tukipiga kelele. Hapo ndipo nilijisikia nikicheka. Nilishtuka. Nilikuwa nimesahau kicheko changu kina sauti kubwa hivyo.

Tukafika shimo moja la umbali mfupi, liko kwenye kilima karibu kabisa na maji, upepo unatupiga usoni. Moira akasema, "Hapa ukiupandisha juu umeupoteza. Uache utembee chini."

Unajua nilimkumbuka nani.

Vile walivyokuwa wakikucheka! Ule mpira wako wa kutambaa, usiopanda zaidi ya goti, unaoruka-ruka kwenye nyasi kama sungura. Walikuita Mama Fuko, kama yule mnyama anayechimba chini ya udongo. Mkufunzi alikuonyesha mara ngapi, na wewe ukazidi kuupiga kwa ule mkono uliosukuma chapati miaka na miaka, pigo fupi, zito, umemaliza. "Mwalimu, mimi mpira wangu hauendi kuona Menengai. Unaenda shimoni." Nikacheka na wao, nikiwa na raha tupu.

Basi nikasimama kama wewe. Miguu karibu, mgongo umekunjwa kidogo, ulimi nje kidogo. Sikuinua mikono. Nikausukuma.

Ukaenda chini, Mama Kibet! Ukapita chini ya upepo kama mtu anayepita chini ya waya wa shamba. Ukagonga nyasi, ukaruka, ukapinda, ukapanda kilima na kupotea. Tulipofika juu ulikuwa umelala hapo hapo, kiganja kimoja kutoka shimoni. Mimi na Moira tukasimama tukiutazama. Nilianza kufikiria nitumie fimbo gani. Upepo ukavuma. Mpira ukajitikisa, ukajikokota, ukaingia.

"Huo si wangu," nikasema. "Ni wa upepo."

"Hata kidogo," Moira akasema. "Hukuwa umeugusa tena. Kwa sheria, mpira ukisukumwa na upepo ukaingia, unahesabiwa kwako. Umeingiza kwa pigo moja. Mimi nimecheza hapa tangu nikiwa msichana na sijawahi."

Nikakaa chini kwenye nyasi. Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Moira akakaa kando yangu, upepo ukitupiga, na tukaacha watu wengine wapite. Sitakuambia kwamba ni wewe uliyeusukuma. Hupendi maneno ya namna hiyo, na mimi pia. Lakini pigo lilikuwa lako, na hilo nitalitetea mbele ya yeyote.

Desturi yao ni kwamba ukiingiza hivyo unanunulia kila mtu klabuni kinywaji. Bahati yangu, ndani kulikuwa na wazee wachache na mbwa. Nikaagiza chai. Chai yao, Mungu wangu, ni maji yaliyoonyeshwa maziwa! Mzee mmoja akauliza ni nani alinifundisha kupiga chini ya upepo. Nikawaambia habari zako tangu mwanzo: hoteli, madereva, chapati, Mama Fuko. Wakainua vikombe. Wakajaribu kusema jina lako, "Chebet," wengine wakasema "Chibeti," na kila mmoja akarudia mpaka nikaridhika.

Nilipofika nyumbani Nakuru, nilimwendea Baba Kibet kabla hata ya kufungua masanduku. Unamjua mumeo. Tangu uondoke alikuwa ameketi kwenye kile kiti chake kando ya dirisha, redio imewashwa, hasikilizi. Watoto wamejaribu, pasta amejaribu. Nikamsimulia yote. Nilipomaliza akauliza, "Alikuwa akisimama vipi?" Nikamwonyesha. Akainuka, akasukuma meza ukutani, akasimama vile. "Hivi?" Nikamrekebisha mabega.

Jumamosi iliyopita alikuja uwanjani. Amevaa kofia yake ya kanisani. Akaukosa mpira mara ya kwanza, akaukosa tena, akachimba udongo wa kutosha kupanda kiazi. Halafu akaugonga, Mama Kibet. Ukaenda kando kabisa, ukapita ua, ukatua kwenye mahindi ya watu. Akabaki ameshika fimbo, kofia imekaa upande, uso wote meno. Akanigeukia, yule mzee mkali asiyeomba mtu kitu, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, naweza kupiga mwingine?"

Lala salama, rafiki yangu. Nakuahidi atapiga mwingine.

Wako,
Mama Njeri