Risasi Ndani ya Mvule

Baba,

Salamu zikufikie huko uliko. Nimechelewa kukuandikia. Arobaini yako imepita, mvua zimepita, na mimi nilikuwa nakukwepa kama ninavyomkwepa kila mtu siku hizi. Hata msikitini natoka kabla watu hawajapeana mikono.

Nianze na karakana. Mimi na Rehema tulileta mashine, na najua ungecheka mpaka ukohoe. Inaitwa CNC. Unaipa mchoro kwenye kompyuta, nayo inashusha biti yake inayozunguka na kuchonga ubao yenyewe, wewe umesimama tu. Marufaa ya kuwekea msahafu uliyokuwa ukiichonga siku mbili, binti yako Rehema alitoa nne kabla ya adhuhuri. Akatengeneza trei za chai zenye majina ya maharusi, vibao vya milangoni, mpaka watu wa Koboko wakawa wanaagiza. Mashine ilikuwa yake. Mimi na kichwa changu hiki kigumu nilibaki kupiga msasa na kupokea simu, na wivu nilikuwa nao, sikufichi.

Unakumbuka mbao zilipokuwa zikija kwa lori kutoka Oraba? Ulinieleza kuwa miti ile ilipigwa risasi wakati wa vita, ikazimeza, ikaendelea kukua. Ulikuwa unapitisha kiganja juu ya ubao polepole, unatafuta doa jeusi, ukilipata unachora X kwa penseli nyekundu. "Hapa iko chuma," ulisema. "Mutu asiguse." Siku moja nilitaka kupitisha randa pale pale ukanizaba kofi. Kofi nalikumbuka vizuri sana. Nilichosahau ni kile ulichokuwa unanifundisha.

Kwa sababu mashine nayo ina X yake. Unachora mstari kutoka kona hadi kona, mara mbili, na pale mistari inapokutana ndipo katikati, ndipo unapoiambia mashine ianzie. Kazi hiyo ya kuchora ilikuwa yangu. Nilichora mbao nyingi sana, Baba, na kwa penseli zako zile zile nyekundu nilizozikuta kwenye boksi lako. Wala sikufikiri.

Siku hiyo Rehema alitoa ule ubao wa mvule uliouegemeza ukutani miaka yote. Alitaka kukuchongea kibao cha jina lako, tukiweke juu ya mlango wa karakana. Akauweka mezani, akaniuliza, "Kaka, hii X ni yako?" Nilikuwa kwenye simu na mama mmoja wa Aroi, tunabishana kuhusu herufi za jina la bibi harusi. Sikugeuza hata shingo. Nikasema, "Ndiyo, anzia hapo."

Biti ilikutana na risasi ikavunjika, kipande kikaruka. Miwani ya kinga tuliyokuwa nayo ni moja tu, na ilikuwa juu ya kichwa changu, mimi niliyekuwa napiga soga kwenye simu.

Jicho lake la kushoto halipo tena. Madaktari walihangaika nalo, mwisho wakalitoa.

Sasa yuko kwa Mama, Dranya. Akimimina chai inamwagika pembeni ya kikombe, naye anajifanya anacheka. Mimi nafungua karakana asubuhi, nakaa, nafunga. Mashine nimeifunika turubai. Ile risasi niliichimbua kwa patasi yako, nikakuta ni kitu kidogo kama punje ya hindi. Nililia pale sakafuni peke yangu, nikakuita, nikakutukana pia. Unisamehe kwa hilo. Nilikuuliza kwa nini hukuandika neno zima kama watu wengine.

Lakini hayo yote ningeweza kukaa nayo. Kinachonila ni hiki. Siku ya kwanza nilipokwenda kumwona hospitalini, alinishika mkono akasema, "Kaka, nisamehe. Nilikosea vipimo, nimeharibu mti wa Baba." Nami nikamjibu, "Usijali, yameshapita." Nikamsamehe, Baba! Nimempofusha dada yangu halafu nikamsamehe. Mama naye akamwambia mbele yangu kwamba haraka yake ndiyo imemponza, na mimi nikaangalia sakafu.

Hakumbuki kwamba aliniuliza. Anaamini mikono yake haifai. Juzi jirani alimwomba amchoree tu trei kwenye karatasi, akakataa, akasema yeye ataua mtu. Rehema huyo! Aliyekuwa akichora mpaka kwenye vumbi la mbao kwa kidole.

Sina tumaini la kukupa. Akijua ukweli atapata mikono yake, na mimi sitakuwa na dada. Nimepima huku na huku miezi hii yote, na kila nilipopima nilichagua kubaki naye. Ndiyo aina ya mtoto uliyemwachia karakana.

Pumzika, Baba. Mungu akupanulie kaburi lako. Sikuombi unitetee kwa yeyote. Jumamosi ninapanda gari la Koboko kwenda Dranya, na hii ni ahadi: nitamwambia Rehema ukweli nikiwa bado nimesimama mlangoni, kabla hajanimiminia chai, kwa sababu nikishaipokea kutoka mkononi mwake nitanyamaza tena.

Mwanao,
Abdu