Pamba Uliyomwonyesha Bibi wa Dutwa

Kabula rafiki yangu,

Ile mashine ya kutakasa vifaa pale chumba chetu cha meno inafanya kazi. Fundi aliyekuja kutoka Mwanza alikuta ni mpira wa mlango tu uliochakaa. Ungemcheka, maana ulisema hivyo tangu mwanzo na hakuna aliyekusikiliza. Nafasi yako amepewa binti mmoja mpole, mwangalifu na vifaa. Saa ya chai anatoka nje na simu yake. Mimi nakula matobolwa, viazi vyetu vikavu, karibu na sinki. Bado nachemsha ya watu wawili, nusu narudi nayo nyumbani.

Binti simlaumu. Ila kazi yetu ina mambo ambayo huwezi kumwambia mume, wala dada, wala mchungaji. Mtu akifungua kinywa pale kwenye kiti unajua aliyepigwa na anayekunywa, na ukitoka nje unamsalimia kama hujui kitu. Nilikuwa na mtu mmoja wa kubeba naye hayo. Sasa nabeba mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu nimekusema mbele ya watu, na sitaki nikae kimya kama vile sikukusema.

Unamkumbuka yule bibi wa Dutwa. Jina lake silitaji hata kwako. Alileta mjukuu anayeharisha, mwenye homa, akasema ana meno ya plastiki, yale wanayoamini yanaua mtoto yasipotolewa. Aliona ufizi umevimba na weupe unaonekana kwa ndani, akataka uyatoe. Kung'oa si kazi yetu, leseni zetu haziruhusu, na hata daktari asingegusa: yale ni meno ya mtoto mwenyewe yanayosubiri kuota. Lakini ulijua ukikataa, jioni ile mtoto yuko kwa mganga, anachimbwa ufizi kwa spoku ya baiskeli. Ukavingirisha pamba kidoleni, ukapangusa ufizi, ukamwonyesha bibi pamba yenye ute. "Yametoka, mayu. Sasa twende wodini tukatibu homa." Mtoto akapona.

Nilikuuliza kama ni sawa kumdanganya mtu aliyetuamini. Ulisema, "Sawa ni mtoto awe hai, Minza. Mengine tutajibu tukiulizwa."

Basi nimeulizwa mimi.

Bibi alirudi wiki iliyopita, asubuhi, daktari akiwa kikaoni Mwanza. Alikuja na mke wa mwanawe, mtoto mwingine mgongoni, homa kali, anapumua harakaharaka. Tukasalimiana mwangaluka, kisha akauliza, "Kabula yuko wapi?" Nikamwambia umefariki. Alikupa pole kwa Kisukuma, taratibu, kama anayezungumza na mtu aliye mle chumbani. Halafu akasema, "Basi tutolee wewe. Kabula alitoa mara moja, hata damu haikutoka."

Pamba ilikuwa kwenye trei mbele yangu. Nilifikiria kufanya ulivyofanya, sikufichi. Nilikuwa naunyoosha mkono.

Ndipo akaniambia habari za mjukuu mwingine, wa katikati ya hawa wawili. Alishikwa homa wakati wewe unaumwa, uko kitandani. Walifika, hukuwepo, hawakutaka mtu mwingine. Wakampeleka kwa mganga upande wa Kiloleli. "Mtoto yule alichelewa," bibi alisema. "Meno yalikuwa yameshaingia ndani sana. Tukamzika."

Hakuwa anakulaumu, Kabula. Alikuwa anakusifu. Kwake yeye mtoto yule alikufa kwa kuwa wewe hukuwepo kumtoa meno.

Niliuondoa mkono kwenye trei. Nikasema, "Mayu, hayo ni meno yake. Hakuna wa kuyatoa."

"Mbona Kabula aliyatoa?"

"Hakuyatoa. Alipangusa ufizi tu. Aliyemponya mjukuu wako ni dawa ya wodini."

"Unasema Kabula alinidanganya?"

Nikasema ndiyo.

Alisimama. Mlango ulikuwa wazi, benchi zima lilikuwa linasikia. "Umemsubiri afe ndiyo umseme! Angekuwa hapa ungethubutu?"

Nikamgeukia mke wa mwanawe. "Wewe ndiye mama yake. Wewe unasemaje?" Unajua uzito wa swali hilo mama mkwe akiwa amesimama pale. Akafungua fundo la kanga, akamshusha mtoto, akanipa mikononi. "Twende huko wodini kwenye homa," alisema.

Ilikuwa nimonia. Walimwekea oksijeni, akaanza dawa siku ileile. Daktari aliporudi nilimweleza yote, na ya kwako pia. Akaniomba niwe nazungumza na kina mama siku za kliniki ya watoto. Nimekubali.

Bibi hanisalimii. Nasikia Dutwa wanasema mimi ni yule muuguzi anayechafua marehemu. Kaka yako nilikutana naye sokoni, akageuza baiskeli akapita njia nyingine. Nilisimama pale na mfuko wangu wa nyanya, nikatamani kukusimulia wewe, halafu nikakumbuka.

Mtoto aliruhusiwa jana. Mama yake alimpitisha kwangu nimtazame kinywa. Ufizi mzima, meno mawili ya chini yameshatokeza. Aling'ata kidole changu.

Mazungumzo na kina mama yanaanza Jumatatu. Watauliza habari zako, na nitawaambia kwamba ulimdanganya bibi yule. Nitawaambia pia kwamba mikononi mwako hakuna mtoto aliyechimbwa ufizi hata mmoja. Nakuahidi sitasema la kwanza bila la pili, wala la pili bila la kwanza, hata wakininunia wote.

Pumzika, mwenzangu.

Minza