Siku Niliyokuita Jirani

Hooyo,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua hilo peke yake lingekuchekesha. Miezi minane iliyopita ningekwambia haya uso kwa uso, kwa lugha yetu, ukiwa umekaa kwenye kigoda chako unafukiza madumu ya maziwa. Sasa umelala kule makaburini, na mimi Kisomali cha kuandika sikufundishwa. Kalamu nilipewa pamoja na Kiswahili. Basi nivumilie. Na wengine watakaoisoma barua hii wajue tu kwamba hooyo ni mama, na kwamba kwetu mama naye humwita mtoto wake hooyo. Neno linakwenda na kurudi, kama sahani kati ya nyumba mbili. Tangu uondoke, kwangu linakwenda tu.

Hanan wangu ananiita mami. Yuko gredi ya pili sasa. Nikimsemesha Kisomali anajibu Kiswahili, tena kile cha kutoka Nairobi, cha haraka haraka. Mdogo bado ananyonya, meno yanaota, analia. Baba yao yuko na lori upande wa Bute, anapiga simu mtandao ukipatikana. Mimi naamka kabla ya adhana napika anjera, ile mikate yetu myembamba, za kupeleka hotelini, na nikimaliza, mgongo si wangu tena. Watu wapo, salamu zipo. Lakini Kisomali chako, kile cha Habaswein, hakuna anayekisema humu. Juzi nilitaka kulikumbuka jina la ngamia asiyekubali kukamuliwa mpaka aimbiwe. Ulikuwa ukilitaja kila siku. Halikuja. Nikakaa na sufuria mkononi nikifikiria nani nimuulize, nikaona ni wewe tu.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Kuna jambo nilitaka kukuomba, na nimechelewa.

Unakumbuka nilivyokuwa mdomo wako? Ukame ulimaliza mifugo, ukaja Garissa nikiwa mgongoni, ukaanza kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Nilipofika darasa la tatu, kazi ya kukusemea ikawa yangu. Zahanati, ofisi ya chifu, duka la vifaa, kote ulinishika bega ukasema, "Mwambie." Nami nikamwambia. Nilijiona mkubwa, hooyo! Watu wazima wawili wananisubiri mimi nifungue kinywa.

Ila nilikuwa nakupunguza. Wewe ulikuwa huwezi kuanza shida yako kabla ya kuuliza amani ya nyumba ya mtu, watoto wake, mifugo yake, mvua ya kwao. Mimi niliyakunja yote: "Anasema habari." Karani mmoja aliwahi kunishangaa. "Maneno yote hayo ni habari tu?" Nikamjibu ndiyo. Kwa hivyo mjini ukajulikana kama mama mkali asiye na salamu. Salamu zako zote nilibaki nazo mimi.

Na nilikuwa na sababu, kama sababu ya mtoto ni sababu. Shuleni kulikuwa na watoto wa walimu na wa askari, watu wa bara, Kiswahili kimewakaa mdomoni kama maji. Walikuwa wakinizunguka wakati wa mapumziko. "Wewe, hebu sema pilipili." Nikisema wanaanguka chini. "Bilibili! Amesema bilibili!" Nikirudi nyumbani naweka karatasi mbele ya mdomo, nasema p, p, p, nione kama inatikisika. Ukaniuliza kwa nini naipulizia karatasi. Nikakwambia ni kazi ya shule. Ukasema shule ina mambo.

Halafu ikaja siku ile ya kufunga shule, nikiwa darasa la tano. Nilikuwa nambari mbili. Wazazi walikuwa wanakuja kuchukua ripoti, na mwalimu wetu alikuwa mgeni, ndiyo kwanza ahamishwe kutoka Meru. Sikukwambia uje. Ukaja. Ulitoka sokoni moja kwa moja, dumu mkononi, vumbi mpaka magotini, na ile harufu ya moshi wa kufukizia madumu ikaingia darasani kabla yako. Nyuma yangu nikasikia mtu anavuta pua kwa makusudi.

Mwalimu akaniuliza kwa upole kabisa, "Na huyu ni nani? Ni mama yako?"

Nikasema, "Hapana, mwalimu. Ni jirani. Mama amesafiri Habaswein."

Mwalimu akasema, "Mwambie jirani asante kwa kuja."

Nikakugeukia nikakwambia kwa Kisomali, "Mwalimu anasema asante kwa kuja." Sikubadilisha neno. Nakumbuka nilijisifu moyoni kwamba hapo sikusema uongo.

Ukatabasamu. Ukaweka dumu chini, ukafuta mkono kwenye nguo, ukasema, "Mwambie naye asante. Mwambie mtoto huyu ninamwombea dua."

Mtoto huyu, ulisema. Hukusema mtoto wangu. Sikulisikia hilo wakati ule. Nimelisikia mwaka huu.

Tangu siku hiyo hukuingia shuleni tena. Ulikuwa ukinisubiri ng'ambo ya barabara, karibu na mwenye mkokoteni wa maji, na nikitoka unanipa njia nipite na wenzangu kwanza, halafu unafuata nyuma. Nilidhani ni uchovu wa soko.

Sasa nikwambie kilichotokea baada ya tanga. Watu walikuwa wameshatawanyika, nimebaki na mikeka ya kurudisha, akaja mwanamke wa Kikamba, mnene kidogo, kitambaa kichwani. Mumewe ni askari magereza. Sikumjua. Akakaa bila kukaribishwa, akalia vizuri, akajifuta.

"Mimi ni Mama Mwende. Mama yako ameniuzia maziwa miaka zaidi ya ishirini. Kila asubuhi tulikuwa tunacheka."

Nikamwambia, "Mama hakujua Kiswahili. Mlikuwa mnachekaje?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua linatoka. "Nani hakujua? Huyu aliyekuwa ananiambia, 'Mama Mwende, maziwa ya leo iko tamu, ngamia ililala na furaha'? Huyu aliyenipigia hadithi ya ukame kutoka mwanzo mpaka mwisho?"

Hooyo. Miaka yote hiyo nilidhani mnaelewana na wateja kwa vidole.

Nikamuuliza, kama ni hivyo, mbona mimi hukuwahi kunisemesha Kiswahili. Akafunga upya kitambaa chake. Kisha akasema, "Mwanzoni alichekwa dukani na vijana, akasema basi, kwa watu wengi hafungui mdomo. Kwangu alifungua kwa sababu na mimi Kiswahili changu kina Ukamba ndani, hakuna wa kumcheka mwenzake. Na wewe… alisema, 'Mtoto yangu anabenda kuwa mdomo yangu. Nikisema mwenyewe, yeye atafanya kazi gani?'"

Nikauliza swali ambalo jibu lake sikulitaka. Je, uliwahi kumsimulia habari ya siku ya kufunga shule?

"Ya jirani?" akasema Mama Mwende.

Alikuwa anaijua. Akasema ulimweleza asubuhi iliyofuata, ukipima maziwa, bila kulia. Yeye ndiye aliyekasirika, akakwambia ungenitandika pale pale mbele ya mwalimu. Nawe ukamjibu, "Jirani si mtu mbaya, Mama Mwende. Nyumba ikishika moto, nani anakuja ya kwanza?"

Mama Mwende alipoondoka niliikunja mikeka, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Nikaanza kuhesabu yote uliyosikia. Salamu zako nilizokata, ulisikia. Nilivyomwambia mwenye duka, "Msamehe, ni mtu wa kichakani," ulisikia, ukiwa umesimama pale na uso wako uleule. Na mwisho kabisa, hospitalini. Muuguzi aliniambia dawa haitabadilisha kitu, nimpeleke mama nyumbani apumzike na watu wake. Nikakugeukia nikakwambia, "Anasema dawa itafanya kazi pole pole, tuwe na subira." Ukanishika mkono. Ukasema, "Haya, hooyo. Kama ni pole pole, tushukuru." Nilidhani ninakufariji wewe.

Ndiyo maana nakuandikia. Nilikuwa na miaka ishirini ya kukuomba msamaha na sikujua kuna cha kuomba, kwa sababu uliufunga mlango kwa upande wako ili mimi nisiaibike. Wakati mwingine nakukasirikia, nisikufiche. Ungeniambia. Hata neno moja la ukali, kwa Kiswahili chako hicho, ningelibeba. Ukimya huu ni mzito kuliko fimbo.

Na sasa sikiliza, maana dunia haisahau deni la namna hii. Wiki iliyopita namfunga Hanan viatu, akaniambia bila kuniangalia, "Mami, kesho ukija kuchukua ripoti usiongee na mwalimu, sawa? Nitaongea mimi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Unasema bencil. Wanacheka."

Ni kweli. Nikiandika, p yangu ni p. Nikichoka au nikiogopa, inarudi kwao Habaswein. Karatasi ile haikunisaidia.

Mkono wangu uliinuka, hooyo. Nakwambia ukweli. Kisha nikauteremsha, nikaketi chini kwenye mkeka, nikamweka mdogo kwenye titi ili anyamaze, nikamsimulia Hanan yote. Darasa la tano, dumu, moshi, jirani. Sikupunguza kitu. Alisikiliza akichezea kamba ya kiatu.

"Ayeeyo alijua?" akauliza. Wewe, bibi yake, anakuita ayeeyo, hilo la Kisomali amelishika.

"Alijua."

"Na hakukuchapa?"

"Hakunichapa."

Akafikiria. "Afadhali angekuchapa."

Nikamwambia, "Mimi nami sitakuchapa. Lakini pia sitanyamaza kama ayeeyo. Kesho nitakuja, na nitaongea mwenyewe. Ukitaka kusema mimi ni jirani, sema, nitakuwa nimesimama hapo na nitasikia, na wewe utajua kwamba nimesikia." Akaifunga kamba mwenyewe. Nilidhani nimemwonea. Ana miaka saba tu.

Kesho yake nilivaa ile baibui yako ya Idi. Nikamfunga mdogo mgongoni. Tulipofika mlangoni mwa darasa mkono wa Hanan ulikuwa umelowa jasho, lakini hakuutoa. Mwalimu, kijana wa bara, akasema, "Hanan, umekuja na nani leo?"

Nikaangalia ukuta, maana sikuweza kumwangalia mtoto.

"Mama yangu," akasema, akiangalia viatu. Kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayekiri. Halafu akaongeza, "Anaongea mwenyewe."

Basi nikaongea. Nilianza na salamu zako. Nikamuuliza mwalimu amani ya nyumbani kwake, wazee wake, kama mvua imenyesha kwao, kama amelizoea joto la huku. Sikukata hata moja. Kule nyuma watoto wawili wakacheka nilipokosea, nikawasikia, nikaendelea. Na yule kijana, hooyo, akaweka kalamu chini. Akaniambia tangu aletwe huku hakuna aliyewahi kumuuliza habari za mama yake. Akanieleza goti la mama yake linavyomsumbua. Tulichelewesha foleni yote.

Njiani kurudi Hanan alikuwa mbele yangu hatua mbili, tatu. Hakunishika mkono, hakusema nimefanya vizuri, na jioni alinuna kwa sababu wale wawili walimfuata wakisema bencil, bencil. Sikumwongopea kwamba wataacha. Nilimwambia tu asiwajibu, aje ale.

Nilipoingia ndani nikavua baibui, na jambo la kwanza nililotaka ni kukwambia wewe. Kigoda chako kipo. Madumu yako niligawa, ila moja nimebaki nalo, na nikilifungua moshi bado umo. Nimesema nalo kidogo. Halijui kujibu.

Nisamehe, hooyo. Kwa Kiswahili, kwa Kisomali, kwa lugha yoyote uliyokuwa unaielewa bila mimi kujua. Ulimwambia Mama Mwende kwamba nyumba ikishika moto jirani ndiye anayekuja kwanza. Siku zangu nyingi sasa ni za moshi, na bado natazama mlangoni.

Mimi ni mtoto wako. Wa kumzaa, si wa jirani.