Makombe ya Bondeni

Kaka yangu,

Sisi wazima. Mbuzi wako kazaa mapacha, wote masikio kama yako. Mvua ilinyesha kidogo ikakata, na mahindi ya kule juu kwenye udongo mwekundu yakakauka yote. Mama alianza kufunga mizigo. Nilimsikia akilia jikoni. Lakini mtama nilioupanda bondeni, kwenye ule udongo mweusi uliouita kaburi la majembe, umenipita kimo! Nilipochimba pale nilikuta makombe ya konokono wa majini. Kumbe zamani sana palikuwa ziwa, na tope lake bado linashika maji chini. Lile lori la kutuhamisha lilete tu. Mama anasema lije na magunia matupu.

Dada yako mbishi