Likizo Niliyobaki Shuleni

Zuhura mjukuu wangu, marahaba. Hapa Mafiga tu wazima. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kike.

Umeuliza kama sekondari yetu ya bweni nayo ilikuwa na upweke. Ilikuwa nao. Likizo ya kwanza wenzangu wote walienda kwao, mimi mvua zikanikatia njia ya Kisaki. Nilifika getini na sanduku langu, nimeamua kwenda kwa miguu. Mkuu wa shule, mama tuliyemwogopa sana, akanishika mkono.

“Utafia njiani, binti. Njoo tule, nami sina wa kula naye.”

Nilikaa kwake mpaka shule ilipofunguliwa.

Tangu babu yako afariki nakula peke yangu. Jana nilimwita mpangaji wa nyumba ya pili tule wote. Kabla sijamaliza kumkaribisha, alikuwa ameshavua viatu mlangoni.

Bibi yako,
Mwajuma