Uliipasua Riwaya na Nani?

Omondi, omera, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na kwa kuwa huwezi tena kunikatiza kama ilivyokuwa desturi yako, leo utanisikiliza hadi tamati.

Tangu tukuzike pale Rodi Kopany, mama yako amekipaka chumba chako rangi mpya. Mimi nimehitimu, nilivaa joho, nikapigwa picha, na hakuna aliyeicheka ile kofia kama ambavyo ungeicheka wewe. Hata hivyo, si hayo yaliyonikalisha mezani. Ni kitabu.

Unaikumbuka kanuni yetu. Kila riwaya ya ule mfululizo wa ukoo wa wahunzi tuliinunua nakala moja. Wewe uliipasua katikati kwa kisu cha jikoni cha mama yako, ukasoma nusu ya kwanza, kisha ukaikabidhi kwa gari la kuja huku Migori inifikie huku wewe ukiendelea na nusu ya pili. "Omera, soma haraka, la sivyo nakufichulia nani anakufa." Ulikuwa mwovu! Tuliumaliza mfululizo ukiwa tayari mgonjwa kitandani, tukabaki na ubishi mmoja: sasa tusome upi? Mimi nilitaka riwaya za historia. Wewe ulitaka za upelelezi, nami nikakwambia kwamba upelelezi ni fasihi ya watu wanaosubiri kung'olewa jino. Ulicheka hadi ukakohoa. Hatukuafikiana. Niliamini kwamba swali hilo tumeliacha wazi sisi wawili, na kwamba halimhusu mtu wa tatu.

Siku ya kugawa vitu vyako, jamaa walichukua mashati na viatu. Mama yako akaniita kando. "Wuoda," akasema, kama anavyomwita mwana wa tumbo lake, "vitabu beba wewe. Hapa nani atavisoma?" Nikavibeba kwa fahari. Nilipolifungua boksi, juu kabisa nilikuta kitabu cha kwanza cha mfululizo nisioujua. Wa upelelezi. Kimepasuliwa katikati. Nusu ya pili haimo.

Omondi, ulikipasua na nani?

Kufiwa nilikuwa nimeanza kuzoea. Wivu huu sikuutarajia. Nilikisoma kwa nia ya kukidharau. Nikaikosoa lugha, nikamkosoa mpelelezi na koti lake. Kisha kikakatika katikati ya sentensi, mpelelezi ameshika kitasa cha mlango, nami nikajikuta nikipapasa karatasi isiyokuwapo.

Mama yako ndiye aliyenielekeza Rongo, kwa Akoth, binti wa mjomba wako, mwalimu wa chekechea aliyekuwa akija kukuuguza wikendi. Nilifika na hoja zangu zote. Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Kumbe Ouma mbishi ndiye wewe? Nilidhani u mrefu." Akacheka. Akaniambia ulitabiri kwamba upelelezi singeugusa ila kwa hasira. Na kweli, hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka kwake.

Nikamuuliza kwa nini ulimchagua yeye. Badala ya kunijibu, akanishtaki: "Ule wenu wa wahunzi nilimuomba mara ngapi? Alininyima. Alisema mfululizo huo una mwenyewe." Aliyasema kwa uchungu nilioutambua papo hapo, kwa kuwa ulikuwa uleule wangu.

Mwenyewe ni mimi, Omondi? Ungeniambia. Ungeniambia mapema, nisingelala nikimchukia mtu nisiyemjua.

Sasa nimeisoma nusu ya pili, aliyonipa siku ile. Nilimwambia Akoth kwamba muuaji nilimjua mapema. Sikumjua. Kitabu cha pili nimekinunua mwenyewe na kukipasua kwa kisu changu, vibaya, kurasa mbili zimechanika. Nakuahidi kwamba nusu ya kwanza ataisoma yeye, nami nitasubiri zamu yangu hapa Migori, nikinung'unika kama kawaida. Huo ndio mfululizo niliouchagua. Tuseme umeshinda ubishi.

Pumzika, omera, na huko uliko usimfichulie mtu nani anakufa. Akoth ameniomba tena ule wa wahunzi. Nimemnyima, na nitazidi kumnyima. Una wenyewe.

Mbishi wako,
Ouma