Kitambaa na Hadithi Yake

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umelala, na kikohozi kimekuachia upate kumeza chakula bila kushika ubavu. Dada aliniambia umeruhusiwa kutoka hospitali, na kwamba ulipoingia tu jikoni uliuliza ni nani aliyekuvurugia vyombo vyako. Nilicheka peke yangu, nikajua umepona. Msalimie sana, umwambie namshukuru kwa kukuuguza siku zote tisa ambazo mimi sikutokea. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu badala ya simu. Tafadhali vaa miwani uisome mwenyewe, kabla hujampa dada.

Nianze na kazi, maana ndiko yalikoanzia. Nilipoacha kushona sare kiwandani ili nitarizi picha zangu, uliniambia nisikuletee tena habari za nyuzi, nami nikaondoka nimenuna. Nilitundika vitambaa vyangu kwenye kuta za chumba nilichopanga juu ya duka la fundi viatu, nikasubiri wateja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nilijiambia. Mama, methali hiyo ilinikosesha mwaka mzima. Chema changu kilikaa ukutani kikila vumbi. Nani angejua kwamba juu ya viatu vibovu kuna mtu anatarizi?

Jirani yangu, mchora mabango, ndiye aliyenizindua. Alisema msanii asiyejitangaza ni sawa na mtu anayekonyeza gizani. Alinifundisha kupiga picha karibu na dirisha asubuhi, kuziweka mtandaoni kwa simu kila wiki bila kuruka, kuchapisha kadi zenye namba yangu, na kuwajulisha walionunua zamani kila ninapomaliza kazi mpya. Nilipanga meza kwenye soko la Jumamosi. Nilibisha hodi madukani, ofisini, hata kwa daktari wa meno, akaniruhusu kutundika vitambaa viwili vya maua pale wanaposubiri wagonjwa. Lakini mtu anayengoja kung'olewa jino, Mama, haoni maua.

Nilipokaribia kukata tamaa, mchora mabango akaniambia kwamba watu hawanunui uzi. Niwaeleze kitambaa kimetoka wapi. Ushauri huo ulikuwa mzuri, wala simlaumu. Jumamosi iliyofuata alisimama mezani kwangu mama mmoja mwoka mikate, mikono ina unga bado. Nikamsimulia habari zako: jinsi ulivyokuwa ukigeuza kazi yangu na kutazama nyuma kabla ya mbele, na ukikuta mafundo unanirudishia bila neno, nami nakwenda kufumua. Alinunua kitambaa chenye mikono yako miwili ikitunga uzi. Nikaandika hadithi hiyo mtandaoni pia, na kuanzia hapo kazi ikashika kasi. Watu waliagiza. Walikuja mezani wakiniita kwa jina. Mwenye ukumbi wa maonyesho akanipa wiki mbili za kutundika kazi zangu, akachapisha mabango.

Mwoka mikate akawa mtu wangu wa karibu. Miezi michache baadaye alifiwa na mama yake, na kila Jumamosi akimaliza kuuza alivuta kiti pembeni yangu. Aliniuliza usingizi hurudi lini. Aliniuliza afanye nini na nguo za marehemu. Nilimjibu kwa upole, kama mtu anayejua.

Ndipo dada aliponipigia simu kuniambia umezidiwa na umelazwa. Nilikuwa mezani, machozi yakanitoka mbele za watu. Mwoka mikate akanishika bega akauliza ni nani anayeumwa. Nikasema ni mama mdogo. Na dada nikamwambia kazi zimenibana, siwezi kusafiri.

Mama, sikuzuiwa na kazi. Sikuja kwa sababu huku niliko wewe ulikuwa umekwisha kufa.

Siku ile ya kwanza, mwoka mikate aliniuliza kama mama yangu bado yupo. Nilikumbuka tulivyoachana, nikainamisha kichwa. Akaziba mdomo, akasema pole mwanangu, akanikumbatia. Nafasi ya kumsahihisha ilikuwepo. Alikuwa bado anafungua pochi. Nikapokea pesa. Jioni hiyo, nilipoandika ile hadithi, nikaandika "marehemu mama yangu" kwa vidole vyangu mwenyewe, na siku hiyo hiyo salamu za pole zikaja nyingi kuliko wateja wote niliowahi kupata. Mabango yale ya ukumbini yaliandikwa "Kumbukumbu za Mama". Ningewezaje kufunga safari kwenda kumuuguza mtu niliyemzika?

Maonyesho yalifunguliwa ukiwa bado hospitalini. Ukumbi ulijaa. Mwoka mikate akaomba kusema neno. Alisimama na kile kitambaa kifuani, akasimulia kwamba bila mimi asingeuvuka msiba wake, maana nilimwambia aendelee kugusa vitu alivyovigusa mama yake na maumivu yatapungua. Wengine walianza kulia. Nami nikawaza kwamba pengine saa hiyo hiyo pumzi inakupaa, halafu niko hapa napokea makofi ya kifo chako. Nikasimama. Nikasema mama yangu yu hai, amelazwa, na mimi ni mwongo.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mwoka mikate akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Basi yale uliyoniambia uliyatoa wapi?"

Alikikunja kitambaa vizuri, akakiweka juu ya kiti, akatoka. Kesho yake mwenye ukumbi alinirudishia kazi zangu ndani ya mifuko. Mchora mabango bado ananisalimu, ila aliniambia, "Nilikwambia useme kitambaa kimetoka wapi, sikukwambia uzike mtu." Nimeandika ukweli mahali palepale nilipoandika uongo. Wengi wameondoka. Nimekwenda mara mbili kwenye duka lake la mikate, na mara zote mbili amehudumia aliyesimama nyuma yangu.

Sikuombi useme si kitu, maana ni kitu. Najua wengine watasema kumtaja mzazi mzima kuwa marehemu ni kumwitia kifo, na ulipougua nami niliamini hivyo. Nilikaa sakafuni nikiomba usinilipe kwa namna hiyo, na hata baada ya kukiri, aibu ilinizuia kuja. Nakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi. Kama hutaki kuniona, mwambie dada anipigie kabla sijapanda, nami sitakulaumu. Ila ukinipokea, Mama, usinipokee kimya kama ulivyokuwa ukinirudishia kitambaa. Nigombeze. Nigombeze mpaka majirani watoke nje, nikusikie.

Wape salamu wote wa nyumbani wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Dawa umalize hata ukijiona mzima.

Ni mimi mwanao mkosefu,

Chiriku